Mstari Mwekundu

Nilipoanza kuwafundisha wanachuo lugha ya Python, nilijivunia njia moja niliyoiona nyepesi. Katika dirisha la IDLE, ambalo huja pamoja na lugha hiyo, maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu huonekana kwa rangi ya kijani, na maelezo ambayo kompyuta huyaruka huonekana kwa nyekundu. Basi sikuzitaja alama tena. Nilisema tu, “Tazameni kijani,” au, “Iacheni nyekundu.”

Siku moja nilimwita mwanachuo mbele, nikamtaka aonyeshe mstari mwekundu. Akaweka kidole juu ya kijani. Darasa likacheka, nami, nakiri kwa haya, nikamwambia aamke usingizini. Baada ya kipindi alinifuata, akasema kwa adabu, “Samahani, Mwalimu. Rangi hizo mbili mimi naziona kama moja. Huwa nabahatisha.”

Muhula mzima alikuwa akibahatisha, nami nikimwandikia daftarini: “Si makini.”

Jioni hiyo tuliketi pamoja mbele ya mashine. Chini ya Options tulifungua Configure IDLE, kisha ukurasa wa Highlights. Mle mna mfano wa programu. Ukibofya neno lolote la mfano huo, IDLE hutambua sehemu unayotaka kuibadilisha, iwe rangi ya herufi zenyewe au ile iliyo nyuma yake. Rangi za asili hazifutiki: ukibadilisha moja tu, IDLE hudai jina la mpango mpya. Alichagua mwenyewe maelezo yawe herufi nyeusi juu ya manjano. Mimi ningechagua buluu, na ningekosea, kwa kuwa buluu tayari ni rangi ya majibu ya kompyuta.

Mabadiliko hayo huhifadhiwa katika folda ya mtumiaji iitwayo .idlerc. Kwa kuwa wanachuo wetu hutumia mashine ile kwa jina moja, kila aliyeketi pale kesho yake aliikuta manjano. Nami nikafundisha upya: maelezo huanza na alama ya #, maneno hukaa kati ya alama za kunukuu, na rangi ije baadaye.

Hakuna aliyelalamika. Ila dada mmoja wa safu ya nyuma aliuliza kama humo pana mahali pa kukuza herufi. Papo. Alikuwa akiketi kule nyuma tangu Januari.