Daftari Lililozunguka Muheza

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002, shule yetu pale Muheza ilipokea watoto ambao mpaka siku hiyo hakuna aliyewahesabu. Wa miaka saba walikuwepo, wa miaka kumi na miwili walikuwepo, na wote waliandikishwa darasa la kwanza. Wazazi walifyatua matofali, mafundi wakapandisha kuta, lakini mtoto huandikishwa kwa dakika tano na darasa hujengwa kwa miezi. Nchi nzima ilikuwa hivyo. Kufikia mwaka 2005 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wameshapita milioni 7. Mimi nilikuwa na chumba kimoja, ubao uliochakaa, na kitabu kimoja kwa kundi zima la watoto.

Wale wakubwa wengi wao walikuwa wameuza machungwa stendi, kwa abiria wa mabasi ya Tanga. Mkono mmoja unapokea noti, mwingine unatoa chenji, na basi limeshaanza kuondoka. Hesabu hizo hawakukosea. Walipofika la tatu nikaandika ubaoni 17 ÷ 5, walikaa kimya wakanitazama. Katika ofisi ya walimu nilisikia ikisemwa kwamba watoto hawa wamechelewa mno, vichwa vimeshakuwa vizito. Sikulikubali neno hilo na sitalikubali. Mtoto aliyekwisha kupanga machungwa mafungu ya matano matano, akajua mawili yaliyobaki hayatoshi fungu, ameshagawanya. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba ile alama ya ubaoni ndiyo kazi yake ya kila siku.

Zoezi lenyewe nililipata uwanjani, wakati wa mapumziko. Wasichana walikuwa wanacheza mdako chini ya mwembe: shimo dogo, kokoto ndani yake, na chungwa changa lililopukutika badala ya jiwe la kurusha. Anayecheza hurusha chungwa juu, na kabla halijashuka awe amekwisha kuzikomba kokoto nje ya shimo na kulidaka. Akirusha tena, huzirudisha zote shimoni, akibakiza moja nje. Hiyo ni duru ya moja moja. Duru ya pili hubakiza mbili mbili, ya tatu tatu tatu, mpaka shimo liishe. Nilisimama pale hadi kengele ikagongwa. Kugawanya kulikuwa kunachezwa mbele yangu, na kila msichana aliijua baki kabla haijafika, maana baki ndiyo iliyomharibia mchezo.

Nikaandika andalio la somo usiku uleule. Makundi ya watano watano, kila kundi na shimo lake. Mmoja anarusha, mmoja anahesabu mara ngapi kokoto zimetolewa, mmoja anaandika kwa kijiti mchangani, wawili wanasimamia haki. Kokoto 17, toa tano tano: mara tatu, baki mbili. Kisha badilisha, kila mtu apite kila kazi. Mwisho kundi linarudi darasani na hesabu zake kwenye daftari, kwa alama zilezile za kitabuni. Wavulana waliosema mdako ni wa wasichana walinyamaza walipoona hawawezi hata kulidaka chungwa.

Wazazi hawakupendezwa. Bibi mmoja alikuja mpaka mlangoni mwa darasa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwalimu. Mjukuu wangu kila siku anarudi na vumbi magotini. Nimemleta asome, au nimemleta acheze mdako?”

Nikamwomba akae kidogo atazame. Alikaa, akatazama, na haukupita muda akawa amejifunga kanga vizuri na kuchuchumaa shimoni. “Mnashika vibaya,” akawaambia, “vidole vifumbwe, msizikwangue.” Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba zamani, aliyebakiwa na kokoto zisizotosha duru alizikopesha kwa anayefuata. Kanuni hiyo tuliichukua kama ilivyo, na ikawa sehemu nzuri kuliko zote za zoezi: sasa aliyefuata alianza na 19, hakuna aliyejua jibu kwa kulikariri.

Kila baada ya muda tulikutana Jumamosi katika kituo cha walimu, kwa semina. Kwa kawaida tulinakili yaliyoandikwa ubaoni na kurudi nayo makwetu. Safari hiyo nilinunua kaunta buku, nikaandika zoezi la mdako ukurasa wa kwanza, nikaacha ukurasa wa pili mtupu, na kumpa mwalimu wa shule ya jirani. Sharti lilikuwa moja: ukilijaribu, andika lilivyokwenda, kisha ongeza la kwako na umpe mwingine. Kusifu peke yake hakukutakiwa.

Nililisoma daftari lile kila liliporudi, na bado nakumbuka kurasa zake. Mwalimu mmoja wa upande wa Amani aliandika kwamba kwao mvua haiwapi nafasi ya kuchimba. Amechora duara kwa chaki sakafuni na wanatumia mbegu. Mwingine aliandika kuhusu mwanafunzi wake mwenye uoni hafifu: asiyeweza kudaka hupewa kazi ya kupapasa na kutenga mafungu, na yeye ndiye mwamuzi wa baki. Sikuwa nimemfikiria mtoto huyo nilipoliandaa zoezi. Yakaja na mengine ambayo hayakuwa yangu kabisa: silabi zilizoandikwa kwenye vipande vya boksi na kuuzwa gengeni, ukitaka “embe” lazima uzikute “e” na “mbe” mwenyewe, visoda vilivyotobolewa na kutungwa kumi kumi kwa uzi wa katani, hadithi inayoanzwa na mtoto mmoja na kupokewa na anayefuata, kila mmoja sentensi moja, mwalimu akiiandika ubaoni ili wote waisome.

Mazoezi yaliyokuja safi, bila swali wala marekebisho, niliyaona yakifa mapema. Yaliyojaa maandishi ya pembeni, kalamu tofauti na miandiko tofauti, ndiyo yaliyofika mbali.

Mafunzo ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) yalipokuja, na mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili kuanza mwaka 2015, walimu vijana walihimizwa kutengeneza zana kwa vitu vya mazingira yao. Siku hizi hupiga picha za zana na kuzituma kwenye makundi ya simu. Zinapendeza, ila nyingi huja bila maelezo ya namna watoto wanavyozitumia, na mimi huwa nauliza hilohilo: nani anafanya nini, na aliyemaliza mapema anafanya nini? Mmoja wao, anayefundisha Korogwe, aliacha kunijibu kwa simu akaja kulichukua daftari lenyewe. Amelishona upya kwa uzi, akaongeza kurasa, na kwenye zoezi la mdako ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba kokoto 24 zinafaa kuliko 17 kwa kuanzia, kwa sababu zinagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita, na mtoto apewe baki akishazoea.