Wachukuzi wa Livingstone na Baba Yangu

Muhula uliopita Chama cha Historia cha shule yetu kiliwataka wanafunzi sita wa Kidato cha Tatu watayarishe hotuba fupi juu ya watu mashuhuri wa zamani. Kila mmoja alipewa dakika kumi, na hotuba zilipangwa zisomwe Siku ya Wazazi, mbele ya walimu, wageni na shule nzima. Mimi nilichagua habari za David Livingstone. Sababu yangu haikuwa ya kusifiwa: habari zake ni nyingi katika maktaba yetu, nami nilitaka kazi nyepesi.

Kabla sijaendelea, sina budi kuungama jambo moja. Baba yangu ni mchukuzi wa mizigo. Huamka kabla ya alfajiri, akaenda sokoni na mkokoteni wake, akapakua magunia ya mahindi, viazi na vitunguu kutoka katika malori na kuyapeleka kwa wenye maduka. Kazi hiyo ndiyo iliyonunua sare zangu, madaftari yangu, na godoro ninalolalia bwenini. Lakini nilipofika hapa Kidato cha Kwanza, na wenzangu wakaniuliza baba yangu anafanya kazi gani, niliwajibu kuwa ni mfanyabiashara. Uongo ule ukawa kama mwiba unyayoni: watu hawauoni, lakini mwenyewe kila nikikanyaga nauhisi.

Wakati wa likizo fupi nilikwenda nyumbani na karatasi zangu, na jioni moja nikamsomea baba hotuba yangu. Nilimweleza jinsi Livingstone alivyozaliwa Blantyre, katika nchi ya Scotland, mwaka 1813. Jinsi alivyoanza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa mtoto wa miaka 10, akajisomea hata akawa daktari. Jinsi alivyofika kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855. Na jinsi alivyoandika juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Nikasema kwamba alifariki Mei 1, 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, Aprili 18, 1874.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, umesema alikufa kwa Chitambo, na umesema alizikwa Ulaya. Hapo katikati nani alimbeba?"

"Watumishi wake, baba," nilijibu.

"Watumishi hao hawana majina?"

Nikanyamaza. Baba akatikisa kichwa, akasema kwa upole, "Basi umeniambia mwanzo na umeniambia mwisho. Safari yenyewe hukuniambia."

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Niliporudi shuleni nilimwendea mwalimu wetu wa historia, naye akanipa vitabu vingine na kunionyesha kurasa za kusoma. Ndugu msomaji, niliyoyakuta humo ndiyo nitakayokueleza sasa.

Wakuu wa safari ile walikuwa Abdallah Susi na James Chuma. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao, aliyekombolewa akiwa kijana mdogo kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Walikuwa pamoja na Livingstone tangu mwanzo wa safari yake ya mwisho mwaka 1866, wakati wengine wengi walipomkimbia. Pamoja nao alikuwako Jacob Wainwright, naye Myao aliyekuwa mtumwa, aliyesomeshwa Bara Hindi. Na Halima, mwanamke aliyekuwa mpishi wa msafara.

Livingstone alipokufa, watu wale walikuwa kiasi cha sitini, mbali kabisa na pwani. Hapakuwa na serikali ya kuwalazimisha wala bwana wa kuwaamuru. Wangaliweza kumzika palepale, wakagawana vitu vyake, kila mtu akashika njia yake. Tena kusafiri na maiti kulikuwa hatari, maana wenyeji wa njiani waliogopa balaa. Hata hivyo walifanya shauri, wakakata neno la kumpeleka kwa watu wake pamoja na karatasi zake zote.

Farjallah, ambaye aliwahi kumtumikia daktari huko Unguja, ndiye aliyeupasua mwili. Moyo na matumbo viliwekwa katika sanduku la bati, vikazikwa chini ya mti, na Wainwright akasoma sala za mazishi, kisha akachonga maandishi katika shina la mti ule. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14. Halafu waliufunga kwa nguo ya marekani, wakautia ndani ya gome la mti, wakaushonea turubai, na kuufunga kwenye mti wa kubebea ili uchukuliwe na watu wawili.

Nilipofika hapo nilimkumbuka baba. Aliwahi kuniambia kwamba mzigo wa mtini ni mgumu kuliko mzigo wa kichwani, kwa kuwa watu wawili hawana budi kulinganisha hatua. Mmoja akijikwaa, wote wawili huumia. Watu wale walilinganisha hatua zao kwa miezi kama tisa, katika njia ya zaidi ya maili 1,000, wakipita mabwawa, maradhi na njaa.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, karibu na Tabora. Huko walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyekuja kumtafuta Livingstone. Cameron akawapa shauri kwamba maiti izikwe papo hapo. Walimheshimu, lakini walikataa. Fikiri, ndugu msomaji: watu ambao vitabu vingi huwaita "watumishi" tu walimwambia ofisa wa Kiingereza kwamba ahadi yao haijatimia.

Walipofika Kasekera wenyeji walizuia maiti isipite. Basi wakatumia akili. Waliufungua mwili, wakaufunga upya ufanane na mtumba wa nguo za biashara. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayafunga kama maiti, na kuwatuma watu sita kurudi nayo kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Usiku watu wale wakayatupa mabua porini, wakarudi kuufuata msafara, na safari ikaendelea kwa amani.

Februari 1874 waliingia Bagamoyo, na mwili ukalazwa katika kanisa la misheni ya Roho Mtakatifu. Wakaukabidhi kwa maofisa wa Kiingereza, wakalipwa mishahara yao na kuagwa. Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na mwili mpaka London, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza. Huko mwili ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha, wakasaidia kueleza habari zilizokuwa katika daftari za marehemu. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

Jiwe la kaburi pale Westminster Abbey lasema kwamba Livingstone aliletwa na mikono minyofu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono imetajwa, lakini majina ya wenye mikono hayakuandikwa. Niliposoma hayo niliona haya. Nililaumu jiwe la London, na kumbe mimi nilikuwa nimefanya vilevile: nimekula kwa mikono ya baba, na jina la kazi yake nimelificha.

Siku ya Wazazi ikafika. Baba alikuja amevaa shati lake jeupe, akaketi mstari wa nyuma. Zamu yangu ilipofika magoti yalitetemeka. Nilisoma habari za Livingstone kwa dakika tatu tu, na dakika saba nikazitoa kwa Susi, Chuma, Wainwright, Halima na wenzao. Mwisho nikaiweka karatasi chini nikasema, "Swali lililoniongoza katika hotuba hii niliulizwa na baba yangu, aliyeketi kule nyuma. Yeye ni mchukuzi wa mizigo sokoni. Wenzangu niliwaambia kuwa ni mfanyabiashara, nami nawaomba radhi, na yeye zaidi."

Ukumbi ulikuwa kimya. Wengine walipiga makofi, na wengine walicheka kidogo. Siwezi kuficha hilo. Lakini mwiba ulikuwa umetoka. Jioni nilimsindikiza baba mpaka kituo cha basi. Hakuzungumza habari za uongo wangu hata kidogo. Alipokuwa akipanda basi aliniwekea mkono begani, ule mkono mgumu kama gome, akasema neno moja tu: "Umeufikisha."

Wanafunzi wenzangu, twasoma habari za watu mashuhuri, na ni vema tusome. Lakini kila tusomapo kwamba fulani alifika mahali fulani, na tuulize nani alibeba maji, nani alipika, nani alichukua mzigo. Na tukisha kuwajua walio vitabuni, tusiwasahau walio nyumbani.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu