Njia ya Sanje Kabla ya Geti

Mwaka 1986 hapakuwa na geti kwenye njia ya maporomoko ya Sanje, wala kiingilio, wala askari wa kumwandika mgeni kitabuni. Upande ule wa milima ya Udzungwa ulikuwa bado Msitu wa Akiba wa Mwanihana, na wenyeji waliingia kutafuta kuni na dawa. Sisi tulikuwa vijana wa kidato cha tano. Tulishuka treni ya TAZARA Mang'ula, likizo ya Pasaka, kwenda kwao mwenzetu mmoja ambaye kaka yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Shuleni alikuwa ametusimulia maporomoko ya kwao mpaka tukaapa kuyaona kwa macho yetu.

Ilikuwa masika. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini majani yaliendelea kutudondoshea maji shingoni. Njia ilipanda moja kwa moja juu ya udongo mwekundu uliolowa, unateleza kama mlenda. Wengi wetu tulivaa katambuga za tairi, kwa kuwa miaka ile viatu vya dukani vilikuwa adimu, na tairi likishapakwa tope halishiki kitu. Ukipanda hatua mbili unarudi moja. Kwenye bonde dogo tukawakanyaga siafu, na kila mtu akaruka na kujipigapiga miguu huku akimcheka jirani yake.

Hapo ndipo tulipokutana na akina mama wakishuka na mizigo ya kuni kichwani. Walikuwa pekupeku, shingo zimenyooka, wakiteremka palepale tulipokuwa tukitambaa kwa mikono.

“Shikamooni, mama.”

“Marahaba, wanangu. Vueni hivyo viatu. Kanyageni kwa vidole, na mshike mizizi, siyo matawi.”

Aliyekuwa mkubwa wao alitua mzigo wake, akachukua panga, akakata fimbo na kumpa kila mmoja wetu. Kisha akasimama kutuelekeza pa kuvuka kijito kilichokuwa kimefurika. Maji yalikuwa yanavuta kweli. Bila maelekezo yake tungevuka chini zaidi, penye kina, na sina hakika kama sote tungerudi.

Juu kidogo tukasikia mlio mzito kutoka mitini, nasi tukasimama kimya. Ni ngolaga, mwenzetu akasema. Kima yule wenyeji walimjua tangu zamani. Wanasayansi Katherine Homewood na Alan Rodgers walikuja kumtambua mwaka 1979, na duniani hapatikani kwingine ila katika milima hii.

Maporomoko yenyewe yanashuka mita 170 hivi. Tuliyasikia kifuani kabla ya kuyaona. Tulioga katika bwawa lake, baridi ikatukata pumzi, kisha tukakaa mwambani kutazama Bonde la Kilombero: miwa ya kijani mpaka upeo wa macho. Miaka mingi baadaye, nikiona vilima vilivyokatwa miti na mito yake imebaki mchanga, ndipo nilipoelewa thamani ya tuliyoyatazama siku ile. Msitu ule ndio unaoyashika maji ya masika na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi.

Mwaka 1992 Udzungwa ikawa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 1,990. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini gharama yake haikugawanywa sawa. Kwa muda akina mama waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Sisi wapita njia tulibakiwa na maporomoko, wao wakabaki na jiko lisilo na kuni.

Wewe unayepanda Sanje leo, mchukue kijana wa kijijini akuongoze, na umlipe vizuri. Na wanaopanga matumizi ya fedha za utalii waanze na nishati ya kupikia ya kaya zinazopakana na msitu ule. Kaya hizo zinastahili kabla ya mtu mwingine yeyote.