Nusu Dozi

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiingia katika ukumbi wa mihadhara na kuwaambia wanafunzi wa mwaka wa pili jambo lile lile: mafua hayatibiwi kwa antibaiotiki. Swali hilo huja katika mtihani karibu kila mwaka, na ni nadra mwanafunzi kulikosa. Leo, ndugu msomaji, nataka kueleza jinsi mimi mwenyewe, mtunga mtihani, nilivyolikosa, na kwa nini nimefikia kuamini kwamba kosa langu lina uhusiano na namna tunavyopanga bajeti ya nchi yetu.

Ilikuwa msimu wa masika. Mama yangu, ambaye amevuka miaka sabini na anaishi Muheza, alinipigia simu sauti ikiwa imekauka.

"Mwanangu, kifua kimenibana. Nitumie hela ya ile dawa ya vidonge vitatu."

Nilimuuliza kama ana homa. Akasema homa si kubwa, na kwamba wajukuu wote pale nyumbani walikuwa na mafua tangu wiki iliyotangulia. Kwa maelezo hayo, mwanafunzi wangu yeyote angesema kwamba hapo kuna virusi vya njia ya hewa vinavyohama kutoka mtu hadi mtu ndani ya nyumba moja. Nami nililijua hilo. Lakini nilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake, nina kikao saa nane, na mama anakohoa sikioni mwangu. Nilituma fedha. Mpwa wangu akaenda dukani, akapewa azithromaisini bila kuulizwa cheti. Baada ya siku tano mama alipona, akaishukuru dawa, akanishukuru na mimi. Virusi vilikwisha vyenyewe, kama vinavyokwisha kwa watu wengi. Sifa zikaenda kwa kidonge. Mwaka ule nilituma fedha hiyo mara tatu.

Inafaa nieleze kwa nini jambo hili si dogo. Bakteria ni kiumbe hai kamili, ingawa ana seli moja tu: ana ukuta wake, ana mitambo yake ya kutengenezea protini, hula na kujigawa. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo. Azithromaisini husimamisha mitambo ya protini. Kirusi hakina ukuta wala mitambo hiyo. Huingia katika seli zetu na kutumia mitambo yetu. Hivyo, kumpa mgonjwa wa mafua antibaiotiki ni kufyatua risasi katika nyumba ambayo mwizi hayumo, na wenye nyumba wamo. Utumbo wetu una matrilioni ya bakteria, wengi wao majirani wema. Dawa inapopita humo huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi wale wachache walio sugu. Bakteria aina ya E. coli, akipata mazingira mazuri, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Wachache huwa wengi kabla ya jua kuchwa. Zaidi ya hapo, bakteria hupeana vipande vya DNA viitwavyo plasmidi, na plasmidi moja yaweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa kwa pamoja. Ndiyo maana anayetumia dawa hii leo anaweza kukuza usugu dhidi ya dawa nyingine ambayo hajawahi kuimeza.

Na wala hatukosi ushahidi wa nyumbani. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 waliofika kliniki wakiwa na homa. Zaidi ya 6 kati ya kila 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwa jumla asilimia 70.5 ya watoto hao walikuwa na ugonjwa wa virusi. Waliokuwa na ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22. Mara nyingi, basi, homa ya mtoto wa Kitanzania si malaria wala si ya kutibiwa kwa antibaiotiki. Kisha ikaja UVIKO-19, na dunia nzima ikafanya nilichokifanya mimi kwa simu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, kati ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, asilimia 8 tu walikuwa pia na maambukizi ya bakteria, ilhali takriban asilimia 75 walipewa antibaiotiki.

Miezi minane baada ya kikohozi kile, mama aliugua tena. Safari hii hakikuwa kifua. Ulianza kama maumivu ya njia ya mkojo, ukaishia katika damu. Tulimlaza katika hospitali moja ambayo sina sababu ya kuitaja, kwa kuwa ninayoyasema yangeweza kutokea katika nyingi. Alianzishiwa seftriaksoni, dawa ambayo katika wodi zetu imekuwa kama chumvi jikoni. Siku mbili zikapita, homa haikushuka. Siku ya tatu yalitoka majibu ya maabara, ambako damu yake ilikuwa imeoteshwa. Nimesoma karatasi za namna hiyo maelfu. Ile ilikuwa na jina la mama yangu juu, na chini yake safu ndefu ya herufi moja ya usugu, dawa baada ya dawa, seftriaksoni ikiwamo. Karibu na mwisho ilikuwapo meropenemu, ambayo bado ilifaa.

Naomba nieleweke. Siwezi kusema kwamba vidonge nilivyomnunulia ndivyo vilivyozaa bakteria yule. Pengine alimpata katika maji, katika chakula, au pale pale wodini. Sayansi hainipi hukumu hiyo, lakini hainipi pia msamaha. Nilichoweza kufanya ni kukaa kando ya kitanda nikiwa na ujuzi wote nilio nao, nikijua kwamba mara tatu nilifanya jambo ambalo haliwezi kumsaidia na linaweza kumdhuru.

Meropenemu haikuwapo katika duka la hospitali. Tulielekezwa kuinunua nje. Vichupa vitatu kwa siku, kwa siku saba: vichupa 21. Ndugu tulichangishana kwenye simu usiku ule, na asubuhi dawa ilikuwapo.

Kitanda cha jirani alilala dada mmoja, muuza samaki wa kukaanga, mwenye umri usiozidi miaka thelathini na mitano. Alikuwa akiuguzwa na mdogo wake wa kiume. Kijana huyo alinisogelea kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hiyo dawa yenu mmeipatia wapi?"

"Marahaba. Ipo famasi ile ya barabarani. Kwani ninyi mmeandikiwa nini?"

Akanipa karatasi yao. Ilikuwa na safu ile ile ya usugu, na dawa ile ile iliyobaki. Nilitazama karai la kunawia mikono mlangoni. Bomba lilikuwa halitoi maji tangu asubuhi. Sikusema neno. Kijana aliuliza bei, nikamtajia bei ya kichupa kimoja. Alinyamaza kama mtu anayepiga hesabu ambayo jibu lake analijua. Kichupa kimoja kilizidi faida ya dada yake ya siku nzima kwenye karai la samaki, naye alihitaji vitatu kila siku.

Nilimnunulia vichupa tisa. Alinishukuru hadi nikaona haya. Siku tatu zile homa ya dada yake ilishuka, akaanza kuketi na kunywa uji. Siku ya nne nilimwona kijana akirudi kutoka nje mikono mitupu. Nilikuwa na ada ya shule ya kulipa, nilikuwa na mkopo wa benki, nilikuwa na mama yangu mwenyewe ambaye dozi yake haijakwisha. Sababu zote hizo zilikuwa za kweli. Niliinamisha macho kwenye simu kama mtu anayesoma ujumbe. Siku ya sita waliomba ruhusa, wakaondoka. Sikuwa nimechukua namba zao.

Mimi ambaye kila mwaka huandika ubaoni kwamba dozi isiyokamilika huwaacha hai bakteria wagumu zaidi, nilimpa mtu nusu dozi, tena chini ya nusu, nikaiita msaada.

Desemba 1945, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel, Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa tahadhari kwa njia ya kisa cha kubuni. Bwana mmoja anaumwa koo, ananunua penisilini, anajipa kidogo mno. Vimelea vinajifunza kuihimili dawa. Anamwambukiza mkewe, naye mke anafariki kwa sababu dawa haifanyi kazi tena. Hofu ya Fleming ilikuwa juu ya mtu asiyejua. Nimekifundisha kisa hicho kwa miaka mingi bila kukiuliza swali. Leo nakiuliza: je, kama bwana yule alijua kila kitu, ila hakuwa na fedha za dozi nzima?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mabango yetu. Kila mwaka, katika wiki ya kuhamasisha juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tunavaa fulana na kumhimiza mwananchi amalize dozi. Ni ujumbe wa kweli, nami nimeuhubiri. Lakini unamfanya mkosaji awe muuza samaki. Yule dada hakuhitaji fulana. Alihitaji vichupa kumi na viwili zaidi. Hata muuzaji wa duka la dawa muhimu, ambaye tunamlaumu kwa kuuza bila cheti, mara nyingi ndiye mtumishi wa afya pekee aliye karibu na nyumba ya mgonjwa. Kumfungia duka bila kumpa mgonjwa njia nyingine ni kuziba dirisha katika nyumba isiyo na mlango.

Tatizo hili si geni kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa kwa watoto waliolazwa Muhimbili, ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki, kwa waliokuwa na malaria, asilimia 20.2. Malaria tuliipa vyandarua, vipimo vya haraka, dawa za ruzuku na nyimbo za redioni. Bakteria walioua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili tuliwapa nini? Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kupita kanda nyingine. Hatukosi mipango. Tulikuwa na Mpango Kazi wa Taifa wa 2017 hadi 2022, sasa tunao wa 2023 hadi 2028. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tulikuwapo Abuja mwaka 2001, viongozi wa Afrika walipoahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya.

Ninachokiomba ni mambo matatu, nayo hayana fahari yoyote. La kwanza ni maabara inayoweza kuotesha vimelea katika kila hospitali ya wilaya, yenye mtaalamu aliyeajiriwa na vitendanishi visivyokatika, ili daktari asilazimike kubahatisha kati ya kirusi na bakteria. La pili ni maji na sabuni wodini, saa zote, kwa kuwa mkono uliooshwa huzuia maambukizi ambayo dawa ghali hushindwa kuyatibu. La tatu ni kwamba, maabara ikishaonyesha dawa moja tu iliyobaki, dawa hiyo isiwe bidhaa ya kutafutwa barabarani na ndugu wa mgonjwa. Iwe ndani ya kitita cha bima, itolewe dozi nzima, chini ya uangalizi. Anayemaliza dozi hajilindi peke yake. Ananilinda na mimi niliyelala kitanda cha pili. Kwa hiyo gharama yake si ya kwake peke yake.

Mama alipona. Juni iliyopita alinipigia tena, anakohoa, anataka vidonge vyake vitatu. Nilimwomba mpwa wangu ahesabu bibi anapumua mara ngapi kwa dakika, nikauliza kuhusu homa, chakula na mkojo. Dalili zote zilikuwa za mafua. Nikamwambia apumzike, anywe vya moto, na kwamba nitapiga kila asubuhi. Akizidiwa, gari litamchukua kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo leo unaninyima dawa?" aliuliza.

"Nakutunzia, mama. Siku utakapoihitaji, nataka iwe bado inafanya kazi."

Alicheka kidogo, akakohoa, akakata simu. Nilipiga kila asubuhi kwa siku sita, naye akapona.

Kwa yule dada sina asubuhi ya kumpigia. Sijui jina lake lote, wala kama alifika nyumbani. Ninachokijua ni hesabu: 21 kutoa tisa. Nimeiandika hapa kwa sababu mimi niliweza kuinamisha macho kwenye simu, na wenye kupanga bajeti nao wana njia zao za kuinamisha macho. Wakati mwingine wanapoketi kupitia fungu la afya, naomba mmoja wao aulize vile vichupa kumi na viwili vimeandikwa katika kifungu gani.