Pemba hadi Maskati: Masafa Yale Yale, Safari Nyingine

Wazee wetu wa Pemba walipozungumzia safari ya Arabuni hawakutaja maili wala saa, walitaja upepo. Kaskazi iliyashusha majahazi pwani yetu kuanzia Disemba, na kusi ikayarudisha. Baharini zilipita wiki tatu au nne upepo ukikubali, lakini aliyeshuka na kaskazi alikaa miezi kungojea kusi. Sehemu kubwa ya safari, basi, ilikuwa kungoja. Mazungumzo hayo hunijia kila nikisikia kwamba ndege imeifanya Maskati jirani yetu. Mwendo umefupika, sibishi. Kungoja hakukufupika kwa kiasi hicho.

Tangu Sultan Qaboos wa Oman ashike utawala mwaka 1970 na kuwakaribisha Waomani wa Afrika Mashariki, koo nyingi za Wete na Chake Chake, huku Pemba, zina watu pande zote mbili. Ndege huruka kutoka Unguja hadi Maskati, karibu kilomita 3,900, kwa saa tano hivi. Kutoka Unguja hadi kiwanja cha Chake Chake ni kama kilomita 125, haifiki hata sehemu moja ya thelathini ya safari nzima. Lakini tunaokumbuka MV Mapinduzi ya zamani tunajua kwamba kipande hicho kilikula usiku mzima. Na ndicho kilichotutoa machozi zaidi: usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba. MV Mapinduzi II iliwasili mwaka 2015, zikaongezeka na boti za kasi, na usiku ule ukawa saa chache za mchana.

Atatokea wa kusema kwamba ndege ndogo huvuka kwa nusu saa, basi tatizo limekwisha. Limekwisha kwa mwenye nauli na begi jepesi. Ndege hizo zina viti vichache na mizigo yake hupimwa kwa ukali. Familia inayorudi na maboksi ya zawadi huteremka bandari ya Mkoani kwa boti, na ikiwa ndege ya Maskati imetua boti imeshaondoka, hulala Unguja. Mwingine atauliza: baada ya miezi ya jahazi, usiku mmoja ni kitu? Kwa urefu, si kitu. Lakini kusi haikumchagua mtu: tajiri na baharia waliingoja pamoja, na hakuna aliyeweza kuiharakisha. Kungoja kwa leo kunatokana na ratiba, na ratiba hupangwa na watu. Kwa hiyo safari ya Mpemba ipimwe kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Kwa kipimo hicho, kuoanisha saa za boti na saa za ndege kutampunguzia muda mwingi kuliko ndege yoyote yenye kasi zaidi.