Barua kwa Rehema kuhusu 4,294,967,297

Mpenzi Rehema,

Sisi huku Muheza hatujambo. Goti la bibi yako limetulia, na machungwa yameanza kuiva. Mama yako ameniambia kwamba siku hizi majibu ya hisabati unayatoa kwenye simu, unayanakili kama yalivyo, kisha unalala. Hilo sikulipenda, mwanangu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nilipokuwa nikifundisha sekondari, namba niliyopenda kuiandika ubaoni ilikuwa 4,294,967,297. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Katika karne ya 17, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse huko Ufaransa, aliutazama mfululizo wa namba za namna hiyo, kipeo kikianza na 1 na kuongezeka maradufu kila hatua: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni namba tasa. Inayofuata ni hiyo kubwa, na Fermat aliamini kwamba nayo ni tasa, pamoja na zote za mbele yake, ingawa alikiri hana uthibitisho. Jina lake lilikuwa zito. Kauli ikadumu hata baada ya yeye kufa.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, kijana aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, akamuuliza kama anaijua kauli hiyo. Mwaka 1732 Euler akatoa jibu: 641 mara 6,700,417 ni namba ile ile. Kauli ya Fermat ikaanguka, na mpaka leo hakuna namba tasa nyingine ya mfululizo huo inayojulikana baada ya 65,537.

Wanafunzi wangu waliuliza daima: hiyo 641 aliipataje? Ukienda kwa nguvu tu, utagawa kwa namba tasa moja moja hadi kipeuo cha pili, na ziko zaidi ya 6,500. Euler baadaye alithibitisha kanuni inayokata njia: namba tasa yoyote inayoigawa ile namba kubwa, nayo ukiigawa kwa 64, lazima ibakize 1. Anza kuzitafuta: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, na mlango umefunguka! Mimi hapo nilifurahi kila mwaka, darasa kwa darasa.

Sikufundishi kuwabishia wakubwa, Rehema. Euler alimheshimu Fermat, na bado akapima. Simu nayo ipimwe. Wazee walisema cha kuazima hakisitiri matako, na jibu la kuazima litakuacha uchi ndani ya chumba cha mtihani.

Basi Jumapili zidisha 641 kwa 6,700,417 kwa kalamu, bila simu wala kikokotoo, wadogo zako wakitazama. Mwonyeshe mama yako kila hatua. Halafu yarudie yale mazoezi uliyonakili, yote, unitumie daftari kwa basi la Jumatatu.

Shangazi yako akupendaye