Nondo za Majengo ya Kale ya Buhaya

Sehemu kubwa ya umri wangu wa uhandisi niliitumia Bukoba na Muleba, si kwa kujenga, bali kwa kuyachunguza majengo ya zege yaliyosimamishwa na wengine kabla sijazaliwa. Na tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba nyingi na kuzifungisha shule kongwe za Ihungo na Nyakato, kila mwenye jengo la kale alinijia na swali moja: je, nondo zilizomo humu zingali na nguvu?

Michoro ya majengo hayo aghalabu ilikwisha kupotea, nami nililazimika kuanza na umri wa jengo. Katika yale ya kabla ya uhuru nilitazamia nondo laini za mviringo, zisizo na vituta vya kushikamana na zege, ambazo chuma chake hustahimili niutoni 250 hivi kwa kila milimita ya mraba kabla ya kunyumbuka kisirudi tena, yaani nusu ya kiwango cha nondo nyingi za leo. Lakini matazamio si ithibati, nami sikuthubutu kuyatilia sahihi.

Nakumbuka mnara wa tangi la maji huko Muleba. Fundi mzee niliyefuatana naye aliigonga nguzo kwa nyundo, akatega sikio, akaniambia, "Waitu, hapa panalia debe, zege limeachana na chuma." Tulibandua ganda, nikanyunyizia dawa ile inayogeuka rangi ya waridi palipo na zege zima lenye asili ya magadi, na mahali pote hadi kwenye nondo pakabaki bila rangi, dalili dhahiri kwamba hewa ya ukaa ilikwisha kupenya, na kwa mvua ya pande zile za ziwa, ambayo Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kutu ilipata kila ilichohitaji. Tulipoisugua nondo kwa brashi ya waya na kuipima, iliyokuwa ya milimita 12 ilibaki 10. Wengi hudhani kwamba kutu hukilegeza chuma chote, kumbe kilichosalia, maadamu hakikuliwa vishimo, hubaki na nguvu yake ya asili. Kinachopungua ni unene, na upungufu ule, mdogo machoni, uliiondolea nondo karibu thuluthi ya uwezo wake.

Hata hivyo chuma chenyewe kilipasa kutoa ushahidi. Tuliitegemeza kwa mirunda boriti ya juu iliyobeba mzigo hafifu, tukakata kipande cha nondo yake, kikapelekwa maabara Dar es Salaam kuvutwa na mashine hata kikakatika. Wenzangu wakipokea majibu huitazama kwanza nguvu. Mimi, niishiye juu ya ardhi inayotikisika, hutazama kwanza kimerefuka kiasi gani kabla ya kukatika, kwa kuwa chuma kinyumbukacho huwapa watu muda wa kukimbia, ilhali chuma kikavu hakimwonyi mtu. Kile cha Muleba kilirefuka vyema. Taksiri ilikuwa katika ringi, yaani pete za chuma zinazozizunguka nondo za nguzo, zilizofungwa mbalimbali mno kuikinga nguzo na mtikisiko; nikaandika kwamba tangi lisijazwe kupita nusu mpaka nguzo zote nne zizungushiwe nondo mpya na zege jipya, na ringi zisiachane zaidi ya sentimita 10 karibu na kila maungio.